Nina miaka 72: je, nimchukue mbwa aliyeokolewa?

Swali: Nina umri wa miaka 72. Mume wangu alifariki miaka mitatu iliyopita, na tangu hapo nyumba imekuwa kimya mno. Tulifuga mbwa maisha yetu yote, na wa mwisho alikufa kabla ya mume wangu. Sasa nataka kumchukua mbwa kutoka kituo cha wanyama waliookolewa, lakini wanangu hawataki. Mmoja anasema nitaanguka nivunjike. Mwingine anasema mbwa wa vituo wameharibika tabia, heri ninunue kitoto nikilee mwenyewe. Nina presha, natumia dawa ya kuzuia damu kuganda, na goti la kushoto huniuma nikitembea sana. Je, kuna faida ya kweli, au ni upweke tu unaonisukuma? Na nikifa kabla yake itakuwaje?

Jibu: Shikamoo mama, na pole sana kwa kuondokewa na mzee. Maelezo yangu yatakuwa marefu, kwa hiyo naanza na jibu lenyewe: ndiyo, mchukue. Ila awe mbwa aliyekwisha kukua, wa miaka sita, saba au hata tisa, ambaye wahudumu wa kituo wamekaa naye na wanaijua tabia yake. Na usimchukue kabla hujajua nani atabaki naye siku usipokuwepo. Mimi ni daktari wa wanyama, na sehemu ya kazi yangu ni kuwapima mbwa wa vituo kabla hawajakabidhiwa kwa watu, kwa hiyo nitachanganya ninayoyaona kwa mbwa na yale ambayo tafiti zimeyaonyesha kwa binadamu.

Wanao wamekodolea macho umri wako. Mimi ningewaomba watazame umri wa mbwa. Mama wa miaka 72 na kitoto cha mbwa cha miezi miwili watachoshana kabla ya mwezi kwisha. Mama huyohuyo na mbwa mtulivu wa miaka minane ni habari nyingine kabisa. Karibu kila hofu waliyokutajia, iwe ya kuanguka, ya tabia mbaya au ya mbwa kubaki yatima, hupanda au kushuka kutokana na mbwa utakayemchagua.

Uliuliza kwanza juu ya faida. Yenye ushahidi mzito kuliko zote ni kutembea. Mwaka 2017 watafiti wa Uingereza walichapisha matokeo ya kuwalinganisha watu wa miaka 65 na kuendelea, wenye mbwa na wasio nao, wote wakiwa wamevaa vifaa vya kupima mwendo. Wenye mbwa walitembea wastani wa dakika 22 zaidi kila siku, sawa na hatua 2,760 hivi za ziada. Unaweza kusema dakika 22 ni kidogo. Zidisha kwa siku saba, utapata dakika 154, na Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Yaani tofauti kati ya mwenye mbwa na asiye naye ilitosha yenyewe kujaza kiwango cha wiki nzima.

Tena ni kutembea kusikohitaji mtu ajilazimishe. Daktari akikuagiza utembee kwa ajili ya presha, utatii siku za mwanzo, halafu siku moja kutakuwa na wingu, siku ya pili goti litauma kidogo, na habari itaishia hapo. Mbwa hajui habari za wingu. Saa yake ikifika anakwenda mlangoni, anakaa, anakutazama.

Kuna pia utafiti mkubwa wa Sweden wa mwaka huohuo wa 2017, ambao wanao wakitafuta wataukuta umenukuliwa kila mahali. Ulitumia kumbukumbu za zaidi ya watu milioni 3.4 wenye umri wa miaka 40 hadi 80, wakafuatiliwa kwa miaka kama 12. Kwa watu wanaoishi peke yao, kama wewe, wenye mbwa walikuwa na uwezekano wa kufa katika kipindi hicho uliopungua kwa asilimia 33 wakilinganishwa na wasio na mbwa. Namba hiyo inavutia, na ndiyo maana nataka uishike kwa tahadhari. Mtu mwenye nguvu ndiye anayethubutu kufuga mbwa, na mgonjwa wa kitandani hafugi. Utafiti wa kuangalia kumbukumbu hauwezi kusema kwa hakika kama mbwa ndiye aliyemlinda mtu au afya ya mtu ndiyo iliyomruhusu kuwa na mbwa. Shirika la moyo la Marekani lilipopima ushahidi wote uliokuwepo mwaka 2013 lilifika mahali hapohapo: kufuga mbwa huenda kukapunguza hatari ya magonjwa ya moyo, lakini mtu asimchukue mnyama kwa ajili hiyo tu. Nakubaliana nao. Dawa zako za presha zitaendelea vilevile.

Sasa huo upweke. Umeuliza kana kwamba ni kosa. Ukiwa ndio unaokusukuma, ubaya uko wapi? Watu huoa, huhama na hujiunga na vikundi kwa sababu hiyohiyo, na hakuna anayewahoji. Kweli tafiti za upweke na wanyama hazikubaliani zote, na mbwa hatakaa kwenye kiti cha mzee wako. Lakini yapo mambo anayoyafanya kwa uhakika. Siku inapata mpangilio tena: saa ya kula, saa ya kutoka, saa ya kulala. Unapata wa kusemeshwa kwa sauti, na kwa mtu anayeishi peke yake sauti yake mwenyewe inaweza kupita siku nzima bila kusikika. Na njiani mambo hubadilika. Mtu akitembea peke yake watu humpita, akitembea na mbwa humsimamisha. Wanauliza jina la mbwa, umri wake, kama anauma. Baada ya muda mfupi wanakujua, na siku usipoonekana kuna mtu atauliza.

Jambo jingine dogo la mwilini: mwaka 2015 watafiti wa Japani, akiwemo Miho Nagasawa, walichapisha katika jarida la Science kwamba mbwa na mwenye mbwa wanapotazamana machoni kwa muda, homoni ya oksitosini hupanda kwa wote wawili. Ndiyo homoni ileile inayofanya kazi mama anapomnyonyesha mtoto. Kwa hiyo ukihisi moyo umelainika mbwa akikutazama, hujidanganyi.

Lakini faida ninayoiona kuwa kubwa kuliko hizo zote haimo katika tafiti nilizozitaja. Watu wa umri wako wanahudumiwa tu. Kaa mama, pumzika mama, acha tufanye sisi. Wanafanya kwa upendo, na kidogo kidogo mtu anabaki hana anachodaiwa na mtu yeyote. Mbwa anadai. Anadai maji, anadai matembezi, anadai kuchanwa manyoya. Kwa mtu aliyelea familia na mbwa maisha yake yote, kuhitajiwa tena ni kitu kikubwa sana, na wanao ambao bado wana watoto wadogo na kazi huenda wasilione hilo kwa sasa.

Twende kwa mwanao wa pili, anayetaka ununue kitoto. Nia yake ni njema, na kuna watu wengi wenye mawazo kama yake. Fikiria kitoto kinavyoishi: kinakojoa kila baada ya saa chache, usiku pia, kwa hiyo unaamka gizani na goti lako kuwahi mlangoni. Kinang'ata kila kitu, mikono ikiwemo, na meno ya kitoto ni makali kama sindano. Ngozi ya mtu wa miaka 72 ni nyembamba, na kwa dawa yako ya kuzuia damu kuganda mkwaruzo mdogo unatoka damu kwa muda mrefu. Kinapita katikati ya miguu. Kinapofika umri wa mwaka mmoja ndipo kinapokuwa na nguvu nyingi kuliko wakati wowote. Na hakuna anayejua kwa hakika kitakuwa na tabia gani au ukubwa gani, hasa kama ni mchanganyiko. Jambo la mwisho ni hesabu: mbwa wa umbo dogo au la kati anaweza kuishi miaka 12 hadi 15. Ukichukua kitoto leo, unapanga mambo ya umri wa miaka 85.

Mbwa mzima wa kituoni yuko wazi kama alivyo. Ukubwa wake ndio huo. Kama anavuta kamba, utaona. Kama anabweka usiku kucha, wahudumu watakwambia. Wengi waliwahi kuishi ndani ya nyumba na wanajua kwamba haja hufanyiwa nje. Ni kweli wapo walioletwa kituoni kwa sababu ya tabia, lakini wengi wamefika kwa mambo ya binadamu: mwenyewe amefariki, amehamia nyumba isiyoruhusu wanyama, ameugua, ndoa imevunjika, fedha zimekwisha. Mbwa waliozeeka ndio hukaa vituoni muda mrefu zaidi, kwa sababu kila anayeingia anakimbilia vitoto. Inasikitisha, ila kwako ni heri: mbwa aliyekaa miezi mingi kituoni ndiye anayejulikana vizuri zaidi.

Usihangaike sana na asili yake. Kibao kikisema huyu ni mchanganyiko wa hiki na kile, mara nyingi ni makisio ya macho, na vipimo vya vinasaba vimeonyesha mara kwa mara kuwa makisio hayo hukosea. Mwangalie mbwa mwenyewe. Ukisimama karibu naye, anakuja taratibu au anakurukia? Mlango ukigongwa kwa nguvu anashtuka, sawa, lakini anatulia baada ya muda gani? Ukiondoka mbele yake, anaendelea na shughuli zake au anapiga kelele?

Kwa uzito, mimi kwako ningetafuta mbwa wa kilo nane hadi 15. Mkubwa zaidi ya hapo anaweza kukuangusha kwa mvuto mmoja, na akizeeka huwezi kumnyanyua umwingize kwenye gari kumpeleka kwa daktari. Wadogo sana nao wana shida yao ambayo watu huisahau: hawaonekani. Unageuka jikoni na umeshamkanyaga, na katika kumkwepa unaanguka wewe. Hata hivyo sitaki ushikilie mizani. Nimewaona mbwa wazito waliokuwa wapole kiasi kwamba kamba haikukazwa njia nzima, na vidogo vinavyovuta kwa nguvu zao zote.

Sasa kuanguka. Hapa mwanao wa kwanza hana makosa, na nisingetaka umpuuze. Nchini Marekani watafiti walihesabu watu wa miaka 65 na zaidi waliopelekwa kwenye vitengo vya dharura kwa kuvunjika mifupa wakiwa wanatembeza mbwa kwa kamba. Mwaka 2004 makadirio yalikuwa watu 1,671, na mwaka 2017 yalikuwa 4,396. Karibu asilimia 79 walikuwa wanawake, na mfupa uliovunjika zaidi kuliko mingine ni nyonga. Nyonga ikivunjika uzeeni si jambo la kupona kwa wiki chache, na wengine hawarudi kutembea kama zamani. Mazoezi ninayoyasifu hapo juu na ajali hii vinatoka kwenye tendo moja, kwa hiyo namna ya kutembea ndiyo inayoamua utapata kipi.

Kamba iwe ya kawaida, ya mita moja na nusu hivi. Zile kamba za kujikunja zenyewe kwenye kishikio cha plastiki ziache kabisa: mbwa anakimbia mita tano akiwa anaongeza kasi, halafu kamba inakatisha ghafla na mvuto wote unakufikia wewe begani. Usiizungushe kamba kwenye kifundo cha mkono. Ishike kiganjani, ili mambo yakiharibika uweze kuiachia. Najua kuachia kunaogopesha, lakini mbwa aliyekimbia aghalabu hupatikana. Badala ya mkanda wa shingoni, tumia mkanda wa kifuani wenye pete mbele, kifuani hasa. Mbwa akivuta, pete hiyo humgeuza upande badala ya kumpa nguvu ya kwenda mbele. Vaa viatu vilivyofunika kisigino. Mtoe mapema, kabla mbwa wengine wote hawajatoka, kwa sababu mivuto mikali hutokea mbwa wawili wanapoonana.

Kuhusu goti lako: kama huna mkongojo, mzoeze mbwa kutembea upande wa kulia ili asigonge goti bovu. Ukianza kutumia mkongojo mambo yanageuka, kwa sababu mkongojo hushikwa mkono wa upande mwingine na goti linalouma, yaani wa kulia kwako, na kamba inabidi iende kushoto. Mbwa anayevuta hakufai hata chembe katika hali hiyo. Na matembezi si lazima yawe marefu. Mara mbili au tatu kwa siku, dakika kumi kila mara, humtosha mbwa wa makamo, na goti litakushukuru kuliko kwenda mara moja kwa nusu saa.

Ndani ya nyumba, mfunge kengele ndogo shingoni ili umsikie alipo. Bakuli ziwe ukutani, zisiwe njiani. Weka taa ndogo inayowaka usiku kati ya kitanda na choo, kwa kuwa ni saa hizo ambapo mbwa hulala mahali ambapo hukumtarajia. Suala la kulala naye kitandani watu hulibishania sana. Mimi ningekushauri alale kwenye godoro lake karibu na miguu ya kitanda, si pembeni unapoweka mguu wa kwanza ukiamka.

Kwa upande wa magonjwa nitapita haraka, maana wewe si mgeni wa mbwa. Asitoke kituoni bila chanjo ya kichaa cha mbwa, na cheti ukishike mkononi. Karibu visa vyote vya ugonjwa huo kwa binadamu, asilimia 99, vinatokana na mbwa, na dalili zikishaanza huua karibu kila mara. Mbwa yeyote asiyejulikana akikuuma, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo bila kusubiri dalili. Apewe pia dawa za minyoo, viroboto na kupe, na awe amehasiwa au amefungwa kizazi. Kucha zake zikatwe mara kwa mara, kwa sababu ya damu yako. Mwambie daktari wako kwamba unachukua mbwa, hasa kama kuna dawa nyingine inayoshusha kinga ya mwili.

Jambo moja nitalikazia kwa sababu ni la nyumba za wazee hasa: vidonge. Paracetamoli na ibuprofeni, ambazo hazikosekani kwenye meza ya mtu mwenye goti bovu, zinaweza kumuua mbwa. Dawa za presha nazo ni hatari kwake. Na kama dawa yako ya damu ni warfarini, ujue kwamba ilitumika kama sumu ya panya kabla ya kuwa dawa ya binadamu, na mbwa akila vidonge hivyo anaweza kuvuja damu ndani kwa ndani. Kidonge kikikuponyoka, usiseme utakitafuta baadaye. Mfungie mbwa chumba kingine, kitafute mpaka ukipate. Zabibu, chokoleti, vitunguu na peremende zenye utamu bandia wa zailitoli ni sumu pia.

Siku za kwanza ndizo zinazowakatisha watu tamaa, na wengi humrudisha mbwa kwa sababu tu hawakuambiwa atakavyokuwa. Watu wa vituo wana kanuni yao ya tatu-tatu-tatu: siku tatu za kushtuka, wiki tatu za kuijua nyumba, miezi mitatu ya kuhisi kwamba hapa ni kwake. Si sayansi ya kupimwa, kuna mbwa wa haraka na wa polepole, lakini inasaidia kujua. Siku za kwanza huenda asile, ajifiche chini ya meza, akojoe ndani ingawa anajua. Usimwogeshe, usimkumbatie, usiwaite wajukuu waje kumwona. Mpe kona yake, mpe chakula saa zilezile, mpitishe njia ileile fupi. Kaa karibu naye ukifanya shughuli zako bila kumkazia macho. Atakuja mwenyewe. Wiki ya pili au ya tatu usishangae tabia mpya zikijitokeza: ameanza kuona yuko salama, kwa hiyo sasa anajaribu nini kinaruhusiwa.

Kuna hatari moja ambayo karibu hakuna anayewaonya wazee. Wewe uko nyumbani muda mwingi, na mbwa aliyewahi kuachwa hushikamana na mtu kwa urahisi. Ndani ya miezi michache anakuwa hawezi kabisa kubaki bila wewe. Inapendeza, mpaka siku unapolazwa hospitali siku nne: mbwa hali, anakwangua mlango mpaka kucha zinatoka damu, na jirani aliyejitolea anakimbia. Anza wiki ya kwanza kumzoeza. Toka nje, funga mlango, rudi baada ya dakika moja bila kumfanyia sherehe. Kesho dakika tatu, keshokutwa tano. Hata siku usiyokuwa na safari, toka. Na mara moja kwa wiki mtu mwingine amtembeze na kumlisha, mtu yuleyule ambaye ungemwomba akae naye ukiugua.

Gharama za mbwa mzee zina mwelekeo wake. Chakula hakiongezeki, matibabu huongezeka: meno na fizi kwanza, halafu yabisi ya viungo, moyo, figo. Omba kituo kimpime damu na kumsafisha meno kabla hujamchukua. Kusafisha meno hufanywa chini ya dawa ya usingizi na ni ghali, na vituo vingi hukubali kulifanya jambo hilo ikiwa ndilo linalozuia mbwa kupata nyumba. Vipo pia vinavyopunguza ada kwa wazee au kwa mbwa wakongwe. Ni vyema uulize, usione haya.

Na ukifa kabla yake? Mbwa wa miaka minane ana labda miaka minne hadi sita mbele yake, kwa hiyo yawezekana sana ukamzika wewe, na hilo nalo ujiandae nalo. Lakini tuchukue upande wa pili. Katika sheria za nchi nyingi mbwa ni mali, hawezi kurithi kitu. Huwezi kumwachia fedha yeye. Unamwachia mtu atakayemlea. Tafuta watu wawili, wa kwanza na wa akiba, uwaulize waziwazi na wakubali kwa maneno yao. Usidhani tu kwamba binti atamchukua. Huenda anaishi mahali pasiporuhusu mbwa. Andika jina lao, daktari wa mbwa, dawa zake, anachoogopa, na uitaje habari hiyo kwenye wosia pamoja na kiasi cha kumtunza. Kwenye mkoba wako weka kadi inayosema kuna mbwa nyumbani na namba ya kupiga, ili ukianguka barabarani mbwa asikae siku mbili ndani bila maji. Vituo vingi huandika kwenye mkataba kwamba mbwa arudi kwao mambo yakishindikana. Usome mkataba huo na uhakikishe kifungu hicho kimo.

Ningekukatalia kama ungekuwa unapata kizunguzungu kisichojulikana chanzo, au kama kumbukumbu zingekuwa zimeanza kukupotea, au kama huna mtu hata mmoja wa kushika kamba ukilala kitandani wiki moja. Barua yako haionyeshi hayo. Ukibaki na wasiwasi, iko njia ya katikati ambayo naipenda sana kwa watu wa umri wako: kulea kwa muda. Unampokea mbwa kwa wiki au miezi kadhaa, mara nyingi kituo ndicho kinacholipa matibabu na wakati mwingine chakula, naye anapumzika na kelele za kituo. Mkipatana, anabaki. Msipopatana, anarudi bila lawama kwa yeyote, na kituo kitakuwa kimejua mengi zaidi juu yake.

Nenda na wanao wote wawili. Yule anayeogopa utaanguka ndiye ashike kamba kwanza, azunguke na mbwa uwanjani, halafu akukabidhi wewe huku anaangalia. Msiende siku ya mapumziko wakati watu wamejaa na mbwa wote wamepandwa na wazimu wa kelele. Nendeni siku ya kazi asubuhi, baada ya mabanda kusafishwa. Na ukifika usiishie ofisini. Mtafute anayefagia mabanda, yeye ndiye anayejua nani hulala usingizi mzuri na nani hugombania bakuli. Muulize mbwa yupi angempelekea mama yake mzazi, na umwombe akuletee huyo kabla hujatazama mwingine.